Anayeonja Kwanza

Nyama ilikuwa yangu. Naomba hilo lieleweke mapema, kabla sijasema lolote kuhusu chupa. Mbavu nilizichagua mimi, buchani Kihesa, hapa Iringa, nikasimama pale mpaka muuzaji akachoka kubishana na kunikatia upande niliotaka, wenye mafuta ya kutosha kati ya mfupa na mfupa. Chumvi niliipaka mimi. Moto niliuwasha mimi, kwa mkaa wa miti ya miwati, maana mkaa wa paini siutaki karibu na nyama. Unaacha harufu ya kiwanda cha mbao. Moshi uliingia kwenye macho yangu, si ya mtu mwingine. Halafu mdogo wangu akashuka kwenye gari na chupa moja mkononi, na mpaka leo ndugu zetu wakiikumbuka Jumapili ile wanaiita siku ya waini.

Wivu ninao, na sijui kuuficha. Wenzangu wa jumuiya wanasema nina roho ya kwa nini. Nawajibu kwamba hilo ni swali halali kabisa. Kwa nini yeye?

Nilirudi kuishi na baba Kihesa baada ya mama kufariki. Sikuwa na mume wa kumuaga wala mtoto wa kumhamisha shule. Nilibeba cherehani yangu nikaiweka barazani, wateja wangu wakanifuata hapohapo, na maisha yakaendelea. Baba alikuwa seremala, na nyumba nzima ni kazi ya mikono yake: meza, makabati, vitanda, viti ambavyo ukivikalia havilii. Lakini tangu tulipomzika mama hakugusa tena randa. Zana zake zilikaa kwenye boksi chini ya kitanda, zimefungwa kwa gunia, na mimi nikifagia nilizizunguka.

Kitu kingine kilichomshinda kilikuwa kula. Nilimpikia ugali laini, nikampikia wali wa Madibira unaonukia hadi kwa jirani, nikampikia maharage ya nazi ambayo mama mwenyewe hakuwahi kuyajua. Alikula vijiko viwili vitatu akaisukuma sahani taratibu, kwa adabu, akasema, "Nimeshiba, mama." Mimi ananiita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake mzazi. Ukiitwa mama na mtu asiyekula chakula chako, unajisikia umeshindwa mara mbili.

Ndiyo maana niliipigania Jumapili. Tukitoka misa ya kwanza nilibadilisha nguo, nikatoa jiko uani, nikachoma. Baba alikuja na kigoda chake akakaa upande ambao moshi hauendi, tukaongea Kihehe wenyewe kwa wenyewe, mambo ya mashamba na ya watu waliokwisha kufa. Alichukua kipande, akakitafuna muda mrefu huku akitazama ukuta, kisha akauweka mfupa chini ukiwa bado na nyama. Huyu ni mtu aliyekuwa akivunja mifupa kwa meno na kufyonza uboho tukiwa watoto. Mfupa ule wenye nyama uliniuma kuliko tusi.

Sasa nieleze habari ya kuonja, maana bila hiyo hamtaelewa kilichonipata.

Kwetu kinywaji kina adabu yake. Mwenye nyumba ndiye anayeonja kwanza. Akikupa togwa, akikupa ulanzi wetu wa mianzi, hata akikupa maji ya kunywa ukiwa safarini, anakunywa funda moja mbele yako ndipo anakukabidhi chombo. Wazee wanasema ni kutoa sumu. Maana yake ni kwamba kilichomo humu mimi mwenyeji nimekinywa, basi wewe mgeni wangu kunywa bila wasiwasi. Baba hakuwahi kuniachia nikosee hilo. Msimu wa mvua, ulanzi unapoletwa mjini kwenye madumu, nilimmiminia kwenye kikombe chake cha bati, cheupe chenye ukingo wa bluu, na hata tukiwa wawili tu uani hakukipokea mpaka nimeonja. Mara ya kwanza nilicheka. Nilimwambia, "Baba, nyumba hii umeijenga wewe. Mgeni hapa nani?" Akasema nyumba ni ya yule anayewasha moto. "Mwenye nyumba ni wewe, mama. Mimi mzee unanitunza. Onja."

Basi nikawa naonja. Sijawahi kuwa mwenyekiti wa chochote wala kupewa cheti cha kuning'iniza ukutani. Hicho ndicho cheo pekee nilichowahi kupewa, na nilikipenda.

Mdogo wangu anaishi Mbeya. Ameolewa na Mnyakyusa mmoja mpole ambaye hununua mchele Rujewa na kuuza mjini, na yeye mwenyewe ni msimamizi wa ukumbi wa chakula hotelini. Huko ndiko walikomfundisha mambo ya waini: ipi inakwenda na samaki, ipi inakwenda na nyama, glasi inashikwa wapi. Tangu utoto alikuwa mtu wa kufika mwisho na kupewa mwanzo. Mimi nilichota maji, yeye akaimba wimbo aliofundishwa shuleni, na baba akaweka msasa chini kumsikiliza. Sauti yake wala si nzuri.

Wiki ile alinipigia simu. Akanisalimia vizuri, "Shikamoo dada," akauliza afya ya baba, kisha akasema alilopigia.

"Dada, mimi na mwenzangu tumeongea. Tunataka baba aje akae kwetu. Wewe umechoka."

"Nani kakwambia nimechoka?"

"Baba hali chakula vizuri, dada. Nimeona picha. Amekonda."

"Baba yuko kwake."

"Basi tutaongea nikija Jumapili."

Hapo ndipo nilipokwenda kupigania zile mbavu buchani. Nilitaka kitu kimoja tu: baba ale mbele ya mdogo wangu. Asafishe mfupa, aombe mwingine, ili yule msimamizi wa ukumbi aone kwamba kwangu mzee hakosi kitu, afunge mdomo, arudi Mbeya peke yake.

Yeye na mumewe walifika nyama ikiwa imeanza kudondosha mafuta kwenye mkaa. Mdogo wangu alipiga magoti kumsalimia baba, akasimama, akatoa kwenye kikapu glasi zenye miguu mirefu alizozifunga kwa khanga, na ile chupa. Akaiweka juu ya meza ya baba kama anaweka mtoto wa kubatizwa.

"Waini nyekundu hii, baba. Zabibu za Dodoma, za hapahapa kwetu. Ni drai, haina sukari."

Baba akaitazama. "Divai ni ya padre," akasema.

"Hii ni ya nyama, baba."

Baba akacheka. Si kutabasamu, alicheka mpaka mabega yakatikisika. Mimi niliyekuwa nikimwambia vichekesho vya barazani kwangu wiki nzima sikumbuki nilipata hata nusu ya kicheko kile.

Mdogo wangu akafungua kizibo, akamimina kidogo tu chini ya glasi, akampelekea baba kwa mikono miwili huku amepinda goti. "Baba, onja kwanza, utuambie kama imekaa sawa."

Nilibaki na koleo hewani. Hotelini ndivyo wanavyofanya, mteja anaonjeshwa kwanza, akikubali ndipo wanammiminia. Lakini pale hapakuwa hotelini. Pale palikuwa uani kwetu, na mtoto wa kike aliyezaliwa ndani ya nyumba ile alikuwa anampa mzee kinywaji ambacho hakuna aliyekigusa, tena anamwambia aanze yeye. Nilifurahi, jamani. Nikasema moyoni, haya sasa, mtaalamu, umejimaliza mwenyewe.

Baba aliishika glasi. Akaitazama, akamtazama mdogo wangu, ambaye alikuwa bado anatabasamu bila habari. Kisha akaunyoosha mkono wenye glasi kuelekea kwangu, juu ya moshi.

"Mwenye nyumba yule pale. Apewe aonje."

Mdogo wangu akajipiga kofi mdomoni. "Yesu wangu, nimesahau!" Mumewe akainamisha kichwa kuficha kicheko. Mimi niliifuta mikono kwenye kitenge polepole, kwa maringo yote niliyonayo, nikapokea ile glasi, nikanywa.

Ulimi ulikauka wote. Ukakasi ulishika fizi, ukashika mashavu kwa ndani, mithili ya mtu aliyetafuna ganda la ndizi mbichi. Nilitaka kutema, lakini mwenye nyumba hatemi. Nikameza, nikamkabidhi baba, nikasema, "Inanyweka." Baba akaimimina kwenye kikombe chake cha bati, akaonja, akakunja uso. "Hii ni gome la miwati," akasema. Mtu aliyefanya kazi na mbao maisha yake yote anajua gome la miwati, wanalolainishia ngozi. Nikaona nimeshinda mara ya pili kabla hata chakula hakijaanza.

"Subirini," mdogo wangu akasema. "Haiendi peke yake, hii."

Akachukua ubavu mmoja kutoka kwenye wavu wangu, akampa baba. Akamwambia aume, atafune, na kabla ladha ya mafuta haijaondoka mdomoni apige funda moja. Baba akatii. Akatafuna, akanywa. Akauma tena. Akanywa tena. Mdogo wangu akawa anaeleza kwa ile sauti yake ya ukumbini, kwamba mafuta yanaulainisha ule ukakasi, na ukakasi nao unasafisha mafuta, ndiyo maana kila kipande kinakuwa kama cha kwanza. Baba hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anakula. Aliusafisha mfupa ule hadi ukabaki mweupe, akaugeuza, akauvunja kwa meno ya pembeni, akafyonza.

Kisha akanyoosha mkono kuomba mwingine, na akasema neno ambalo hata leo nikiosha vyombo linanirudia: "Leo nyama hii ina nini?"

Aliuliza hivyo akiwa anatazama chupa.

Nilikuwa nimesubiri muda mrefu sana kuona mfupa mweupe mkononi mwa baba. Nilipouona, sifa ilikuwa imekwisha kupewa mtu mwingine. Shemeji yangu, kwa upole wake, akanigeukia akasema, "Shemeji, umechoma vizuri mno." Nikampenda papo hapo. Halafu akaongeza, "Waini imeikubali kabisa," upendo ukaisha.

Walipokuwa wakimwonyesha baba picha za wajukuu kwenye simu, niliiba ubavu mmoja, nikageukia ukuta, nikafanya kama alivyofundisha. Nikauma, nikatafuna, nikanywa. Ule ukakasi ulikuja ukakuta mafuta, ukatulia, na nyama yangu mwenyewe, ninayoijua, ikawa na utamu ambao sikuwahi kuujua. Ningekuwa nimeona ni upuuzi ningelala vizuri. Kilichoniuma zaidi ni kwamba ilikuwa kweli.

Habari ya kumchukua baba haikuzungumzwa siku ile. Haikuhitaji kuzungumzwa, mdogo wangu alikuwa ameona mfupa mweupe.

Jumapili iliyofuata baba alikaa kwenye kigoda, akatazama meza, akauliza, "Ile divai ya mdogo wako imekwisha yote?"

Ningeweza kumpigia simu kumuuliza jina la ile waini. Ningeweza, na sikutaka. Nilikwenda dukani mjini mwenyewe, nikasimama mbele ya rafu, nikachagua chupa nyekundu yenye picha nzuri kuliko zote, kwa hesabu kwamba nyekundu ni nyekundu. Na kwa sababu nilitaka kumpita mdogo wangu, si kumfikia tu, nyama ya ng'ombe niliilaza usiku mzima kwenye tangawizi, vitunguu saumu, limau na pilipili za kutosha kumuamsha marehemu. Nikachoma, nikamimina, nikaonja kama mwenye nyumba.

Ilikuwa tamu kama dawa ya kikohozi ya watoto. Juu ya pilipili ile ikawa ni vita mdomoni. Nikamkabidhi baba kikombe, nikaomba Mungu. Baba akanywa, akauma, akanywa, akaweka mfupa chini na nyama yake. "Si mbaya, mama," akasema. Baba akiona mlango wa fundi mwingine umepinda, husema hivyohivyo.

Nikajifunza. Nilijifunza kwa hasira, na nadhani hasira inafundisha upesi kuliko hoteli. Nilimwambia mama mwenye duka anipe isiyo na sukari kabisa, ile inayokunja uso. Nikagundua limau linaifanya iwe kama maji ya kusuuzia glasi, na pilipili inaichochea iwashe koo. Paja la mbuzi lisilo na mafuta liliuacha ukakasi wote peke yake, tukabaki tunalambalamba midomo kama mbuzi wenyewe. Baridi ya Iringa ya mwezi wa sita nayo ilinipa shida, chupa inakuwa ya barafu bila friji, nikaisogeza karibu na jiko kuipasha, nikaisogeza sana, waini ikachemka na kunukia matunda yaliyooza. Kila Jumapili baba alikula nilichompa na kusema si mbaya.

Mwishowe nikarudi nilikoanzia. Mbavu zenye mafuta. Chumvi tupu. Mkaa wa miwati ukiwa umeshika majivu meupe, nyama mbali kidogo na moto, bila haraka. Chupa nikaiweka dirishani linakopiga jua la asubuhi, basi. Nikamimina, nikaonja, nikajua kabla sijauma kwamba leo nimepata. Baba alikula. Akasafisha mfupa wa kwanza na wa pili, akaweka mifupa miwili myeupe pembeni mwa sahani, imelala sambamba kama alivyokuwa akipanga patasi zake. Mimi nilisimama na koleo, nasubiri, mtu mzima na mvi zangu, nasubiri kama mwanafunzi siku ya matokeo.

Baba akapangusa mdomo. Akaniangalia kwa upendo wote, naapa kwa upendo wote, akasema, "Sasa imekuwa kama ya mdogo wako."

Niliingia ndani nikaosha masufuria ambayo tayari yalikuwa safi.

Haikupita muda mdogo wangu akapiga simu, baba akaweka spika, na mimi nikiwa kwenye cherehani nikasikia kila kitu. Wajukuu wanamuulizia. Shule zinafungwa. Aende japo wiki mbili, abadilishe hewa. Baba akasema, "Wiki mbili sawa." Hakuniuliza. Akakata simu akaja barazani akaniambia kwa Kihehe, taratibu, kwamba anakwenda kuwaona watoto na kurudi. Nikamwambia vizuri. Wajukuu mimi sina wa kumpa.

Nilimpangia begi. Sweta mbili, rozari, dawa zake za presha, soksi nzito, maana Mbeya nako kuna baridi yake. Baba akatoka jikoni ameshika kitu kimezungushiwa taulo. Kilikuwa kile kikombe cha bati.

"Baba, Mbeya kuna vikombe," nikasema.

"Najua."

Akakiweka katikati ya masweta, akafunga zipu. Mtu anayekwenda wiki mbili habebi kikombe.

Wiki mbili zikaisha, zikaja nyingine. Nikimuuliza kwenye simu unarudi lini, ananiambia kwanza amalizie kazi fulani pale, hasemi ni kazi gani, au mvua inanyesha sana milimani, kana kwamba barabara inapita juu ya mlima. Kwenye kundi la familia mdogo wangu alikuwa akirusha picha kila Jumapili. Baba na glasi. Baba na mjukuu wa kike begani. Chini ameandika, "Mzee anakula maisha." Ndugu wote wanaweka mioyo na makofi. Mimi nilikuwa naivuta picha kwa vidole viwili, naikuza, napita uso wa baba, napita wajukuu, nakwenda moja kwa moja kwenye sahani. Mifupa ilikuwa myeupe. Kila Jumapili nilikagua, na kila Jumapili ilikuwa myeupe.

Siku moja nilichoma peke yangu. Nilijiambia mtu hahitaji watu ili ale vizuri. Mbavu zilikuwa nzuri, chupa ilikuwa ndiyo yenyewe. Nikamimina, nikaonja funda la kwanza kama kawaida, nikabaki nimeshika glasi, sina wa kumkabidhi. Nyama ile niliwapa majirani.

Basi nikaenda. Nilichukua mbavu za buchani kwangu, nikazipaka chumvi, nikazifunga vizuri, na mfuko mdogo wa mkaa wa miwati. Mama niliyekaa naye kwenye basi aliuchungulia akaniuliza, "Kwani Mbeya hakuna mkaa?" Nikamwambia upo, lakini si huu. Tulipita Makambako kwenye ukungu, tukashuka Usangu kwenye joto na mashamba ya mpunga, watu wakavua masweta, tukapanda tena Uyole wakayavaa. Mpango wangu ulikuwa rahisi. Nitachoma, atakula, atakumbuka, tutarudi wote.

Baba alinipokea getini. Alikuwa amenenepa mashavu. Mwanamke mmoja akapita barabarani na kikapu kichwani, baba akamsalimia kwa sauti, "Ugonile!" akajibiwa kwa kicheko, wakataniana kidogo kwa Kinyakyusa cha kuokoteza. Baba yangu, ambaye nilidhani hana lugha nyingine ya kutania zaidi ya Kihehe tulichobaki nacho sisi wawili.

Uani kulikuwa na harufu niliyoijua kabla sijaona inakotoka. Maranda. Chini ya kibanda cha bati kulikuwa na maranda yamelundikana, na randa mpya mezani, na kando ya ukuta benchi refu la mbao nyeupe, limepigwa msasa hadi linang'aa, halijapakwa hata rangi.

"Hiyo ndiyo kazi niliyokuwa namalizia," baba akasema. "Hapa hawakuwa na pa kukalisha wageni."

Nikalipapasa lile benchi. Halikuwa na kasoro hata moja; nilitafuta. Kwangu zana zilikuwa chini ya kitanda zimefungwa kwa gunia, na mimi nilikuwa nazizunguka na ufagio.

Sikukata tamaa. Nikaomba jiko, nikawasha mkaa wangu, nikatandaza mbavu. Mdogo wangu akaja kusimama karibu na mimi, bila sauti ya ukumbini. "Dada, shikamoo tena," akasema. "Baba kila tukichoma anasema mchomaji yuko Iringa. Sisi hapa tunaunguza tu." Alisema kwa moyo mweupe, na mimi nilizipokea zile sifa, nikazihesabia kuwa zangu, na bado nilikuwa namwonea wivu hadi kwenye kucha. Niliyageuza mawazo yangu pamoja na nyama. Mafuta yakaanza kudondoka, moshi ukanyanyuka, nikamwona baba anainua pua. Nikajua ameshaanza kukumbuka.

Mdogo wangu akafungua chupa. Safari hii hakuleta glasi za miguu mirefu. Akatoa kile kikombe cha bati, cheupe chenye ukingo wa bluu, akamimina, akampa baba.

Nilikuwa nimeshaweka koleo chini. Nilikuwa nimeshajifuta mikono kwenye kitenge na mkono wangu wa kulia ulikuwa umeshanyooka, maana najua kinachofuata; Jumapili zote zile baba hakuwahi kunywa kabla yangu. Nilisubiri aninyooshee kidole, aseme onja.

Baba alikishika kikombe. Akanywa funda moja, akameza, akafuta ukingo kwa kidole gumba. Kisha akanikabidhi.

"Karibu, mama," akasema. "Karibu kwetu."

Nikakipokea kwa mikono miwili, inavyotakiwa. Nyuma yangu mdogo wangu aliokota koleo akaanza kugeuza mbavu, na mimi nikaenda kukaa kwenye benchi.